Nyumba ya Kithai, Kiwanja cha Tongoni

Nimepotea kidogo, si mnajua tena maisha ya sisi wachora ramani hapa Ardhi, kulala ni anasa. Ila safari hii sikuwa na kazi ya studio. Nilikuwa na kazi ya mjomba.

Mjomba wangu wa Usagara, Tanga, amestaafu ualimu. Kiinua mgongo nusu kakiweka kwenye ada za watoto, nusu kwenye kiwanja cha ufukweni upande wa Tongoni. Juzi kanitumia picha ya nyumba ya jadi ya Thailand: ya mbao, imesimama juu ya nguzo, paa limechongoka. Chini kaandika: "Mjomba, nichoree hii. Ila ya kisasa, na maji yafike mlangoni."

Jamaa zangu studio wakacheka wakasema mzee kaona sinema. Mimi nikakaa nayo usiku mzima, na bwana wee, wale Wathai si wageni wetu sana. Paa lao limeinuka ili mvua iteremke haraka. Makuti nayo ukiyalaza yanavuja, fundi yeyote wa Pangani atakwambia. Upenu wao mpana unakinga jua lisipige ukuta. Vyumba vyao vimetenganishwa, katikati kuna jukwaa la wazi ambapo watu wanakula, wanapiga soga na kuanika vitu. Sasa hiyo si uani? Ni uani uliopandishwa juu ya nguzo tu.

Nguzo zenyewe zilikuwa za kukwepa mafuriko na kupitisha upepo chini ya sakafu. Kwetu upepo upo wa bure: kaskazi kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, halafu kusi. Nikaigeuza nyumba ipokee zote mbili, madirisha yakitazamana ukuta kwa ukuta.

Mbao je? Nyumba nyingi nzuri za Kithai ni za mtiki. Na mitiki ipo Longuza, Muheza, shamba la serikali, hapo hapo mkoani! Mchwa hauipendi. Boriti za mikoko nikaziacha: mikoko inalindwa na sheria, halafu ndiyo inayoshika ufukwe usiliwe. Wathai hupachika kuta zao vipande vipande kwa viungo vya mbao. Hilo nikalichukua pia, maana misumari na chumvi ya bahari havielewani.

Mpaka hapo raha tupu. Kasheshe ni hiyo ya maji mlangoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiwanja cha mjomba kina urefu wa mita 85. Piga hesabu mwenyewe: zinabaki 25, nyuma kabisa, karibu na njia. Na sheria haikutungwa kumkomoa mtu. Pangani mjini imebidi wajenge ukuta kuzuia bahari isile mji.

Nilimpigia Jumapili. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, mita kwa mita. Kimya. Nikasikia anapumua. Zile ni pesa za miaka yote aliyoshika chaki, jamani.

"Kwa hiyo mbele kote huko nifanye nini?"

"Minazi, mjomba. Na nyumba tunaipandisha juu ya nguzo mita mbili na nusu. Ukikaa kwenye lile jukwaa bahari unaiona juu ya kila kitu."

"Na chini ya nguzo?"

"Kivuli. Weka baraza, weka bao."

Kimya tena, halafu akasema: "Hapo kwenye bao umesema. Chora."

Basi ndiyo nachora, wadau. Mvungu wa nyumba umekuwa baraza ya Kitanga, juu Uthai. Ngazi bado inanisumbua, goti la mjomba haliko sawa, na ngazi ya Kithai ni kali. Mwenye wazo la ngazi ya mzee anitafute studio, chai juu yangu. Tupo pamoja.