Jaribuni Mizigo Konza Kabla ya Kuvuka Mpaka
Je, unapanga kwenda na watoto Uganda, Rwanda na Tanzania kwa barabara, kila mmoja na shanta yake mgongoni? Basi anzeni na Konza, Machakos, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Hapo reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, hugawanyika: tawi moja huelekea Ziwa Magadi, na njia kuu huenda Nairobi hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Tembeeni kutwa katika uwanda ule wa jua na upepo. Shanta ikimlemea mtoto, jioni mtarudi nyumbani mpunguze nguo. Mkifika mpakani Malaba, mzigo huo utakuwa wako, mzazi. Safari njema!