Sista Aliyelinda Mlango

Siku hizi mgonjwa anayewekewa betri ya moyo, kile kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, huchomwa sindano moja ya antibiotiki ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi, basi. Zamani tulimpa dawa za wiki nzima. Alikwenda nazo nyumbani kwenye bahasha ya kaki, na ndugu zake wakaamini kwamba wingi wa vidonge ndio usalama wake. Hata sisi wauguzi tuliamini hivyo.

Nilipoanza kazi Dar es Salaam, betri ya moyo ilikuwa habari ya kusimuliwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianza mwaka 2015. Mgonjwa wa moyo mwenye bahati alipata rufaa ya kwenda India, na akirudi tulimpokea na mshono chini ya mtulinga. Wodi nzima ilipita kumwangalia. Kila mtu aliuliza swali lile lile: betri itadumu miaka mingapi? Kuhusu vijidudu hakuna aliyeuliza.

Hata historia yenyewe tulisimuliwa kwa mkao huo. Mtu wa kwanza kuwekewa betri nzima ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, aliyepasuliwa na Åke Senning tarehe 8 Oktoba 1958. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza kwa kumiminia utomvu mgumu ndani ya kopo la rangi ya viatu. Betri ile ilizimika baada ya saa chache tu. Larsson mwenyewe aliishi hadi mwaka 2001, akiwa amebadilishiwa betri zaidi ya 20. Tulipoisikia hadithi hiyo tulipiga makofi kwa ajili ya betri. Leo nikiikumbuka naihesabia mishono. Kila betri inapobadilishwa ngozi hufunguliwa upya, na hatari ya maambukizi wakati wa kubadilisha ni kubwa kuliko wakati wa kuweka mara ya kwanza.

Vijidudu vyenyewe havitoki mbali. Wengi wa wahusika ni stafilokokasi, wanaoishi kwenye ngozi ya mgonjwa na mikononi mwetu. Wakishaifikia betri au nyaya zake hujifunika utando, kama utelezi ulioganda ndani ya mtungi, na dawa hupita juu bila kuwafikia. Ndiyo maana vidonge vinaweza kutuliza wekundu kwa wiki kadhaa, kisha usaha ukarudi. Tiba ya kweli ni kuondoa mtambo wote, betri pamoja na nyaya, na nyaya zilizokaa miaka zimekwisha kushikana na mshipa na nyama ya moyo. Kuzichomoa ni kazi inayoweza kuua.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kile kinachofanyika kabla vijidudu havijaingia, na hapo ndipo ninapomkumbuka sista mkuu wa chumba chetu cha upasuaji. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na madaktari walimwogopa. Mlango ukishafungwa ulifungwa. Aliyechungulia kusalimia aliulizwa, "Mwanangu, humu una kazi gani?" na kama hakuwa nayo alirudi alikotoka, hata awe bingwa. Waliokuwa wakinawa aliwatazama huku akiitazama saa ya ukutani. Pakiti ya vifaa iliyotoka kwenye mtambo wa mvuke ilikaguliwa kwanza kwa vidole vyake. Akihisi unyevu kwenye kitambaa aliirudisha yote, daktari amevaa glovu au hajavaa, kwa sababu kitambaa kibichi hupitisha vijidudu. Tulimlalamikia chinichini kwamba anachelewesha orodha ya upasuaji.

Si kila tulichofanya chini yake kilikuwa sawa. Usiku wa kuamkia upasuaji tulimnyoa mgonjwa kifua kwa wembe, tukajisifu kwa usafi, kumbe wembe uliacha vidonda vidogo ambavyo vijidudu vilizaliana humo hadi asubuhi. Leo nywele hukatwa kwa mashine, tena kama lazima na siku ile ile. Ngozi hupakwa klorheksidini yenye spiriti na kuachwa ikauke yenyewe, si kufutwa kwa haraka.

Jambo jingine lilikuwa damu. Mgonjwa aliyetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, alisimamishiwa, akawekwa kwenye heparini, dawa ya sindano ya kazi hiyo hiyo, hadi upasuaji upite. Ilionekana ni busara. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na wa Canada walitoa matokeo: kati ya wagonjwa 100 waliohamishiwa heparini, 16 walivilia damu kwenye mfuko wa betri, yaani ile nafasi chini ya ngozi inamokaa. Walioendelea na warfarini yao hawakufika wanne. Baadaye ikaonekana kwamba damu kubwa iliyovilia huongeza hatari ya maambukizi zaidi ya mara saba. Nasi tulipoona mfuko umevimba tulishukuru kumpata daktari wa kuufyonza kwa sindano, na sindano ile huweza kuwafikisha vijidudu pale ambapo hawakuwapo. Siku hizi uvimbe wa namna hiyo huachwa unyonywe na mwili wenyewe, isipokuwa umekaza hadi kutishia ngozi.

Na ile bahasha ya kaki? Mwaka 2018 Wacanada walileta matokeo ya wagonjwa zaidi ya 19,000. Kundi moja lilipewa dozi moja ya kawaida kabla ya upasuaji. Jingine liliongezewa dawa ya pili ya mshipani, mfuko ukaoshwa kwa antibiotiki, na vidonge vikafuata kwa siku mbili. Tofauti iliyopatikana haikutosha kuthibitisha faida. Nilipoyasoma nilifikiria shilingi ambazo familia zilikopa kununua vidonge vile.

Mapya yenye manufaa yapo. Kuna kifuko cha wavu chenye antibiotiki mbili, kinachoifunika betri kisha kikayeyuka. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wenye karibu wagonjwa 7,000 walio katika hatari kubwa, maambukizi makubwa yalishuka kutoka 1.2 hadi 0.7 kwa kila 100 ndani ya mwaka mmoja. Bei yake si ya mgonjwa wetu wa kawaida. Kuna pia betri ndogo isiyo na nyaya wala mfuko, inayopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2016.

Lakini utafiti uliomrudisha Sista akilini mwangu ni wa mwaka 2020. Betri zilizotumika, nyingi zikiwa zimetolewa kwa marehemu, zilisafishwa upya Canada na kupelekwa kwa wagonjwa wasio na uwezo huko Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras. Wagonjwa 1,051 walifuatiliwa kwa miaka miwili na kulinganishwa na Wacanada waliopewa mpya. Waliopata maambukizi au kufa kwa sababu ya betri walikuwa 2 kwa kila 100, dhidi ya 1.2, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Betri ya marehemu, ambayo sisi tungeigusa kwa woga, ilikaribia kuwa sawa na mpya, kwa kuwa waliisafisha watu makini.

Wenzangu walio bado kazini, hapa nchini na ng'ambo, hunisimulia mambo ya sasa. Vyumba vina hewa iliyochujwa na skrini ukutani. Humo humo anaingia mwenye simu kupiga picha, anafuata wa kampuni ya vifaa, kisha wanafunzi, na mlango haupumziki. Tumepata dawa bora, uzi bora na ngozi inayosafishwa kwa dawa bora. Yule wa kuuliza una kazi gani humu tulimstaafisha, na nafasi yake haikutangazwa. Ningekuwa na uwezo wa kununua kimoja tu kwa ajili ya hospitali zetu, kifuko kile cha wavu au sista kama yule, ningemchukua sista.

Nawe msomaji, kama una betri ya moyo au unamtunza mzee aliye nayo, mlango wa pili ni wako. Ngozi juu yake ikiwa nyekundu, ya moto, ikavimba, ikatoa maji au ikawa nyembamba hadi chuma kuonekana, rudi kliniki ya moyo siku hiyo hiyo. Homa isiyo na sababu, hata ikija miezi mingi baadaye, ikurudishe kliniki pia, upimwe damu kabla ya kumeza antibiotiki ya duka la dawa. Na asiwepo mtu, hata kwa nia njema, wa kukuchoma sindano kwenye uvimbe huo nje ya kituo cha moyo.