SAFARI YA KILIMANJARO, SEHEMU YA 4: Tununue nini, tukodi nini, tuache nini

Tangu niweke sehemu ya tatu, ujumbe unaoingia ni ule ule: "Sista, hayo makoti mnanunua wapi? Na mimi mwakani nataka." Basi leo ni habari ya vifaa tu. Ni ndefu kidogo, vuta kiti.

Kwa mliochelewa: tuko wanne, wote wa kazini, wote wa Kibaha. Tunachanga kila mwezi tangu Februari ili tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, tuwe kwenye kilele kwa njia ya Marangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mlima. Mazoezi yetu ni vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi kule Kisarawe, Jumamosi tukiwa hatuna zamu. Vilima vile vina kama mita 300. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Hapo mjue tunaongelea nini.

Tuanze na baridi, maana sisi watu wa Pwani tunaijua kwa kusikia. Hesabu rahisi ni hii: kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6. Usiku wa Kibaha ukiwa na nyuzi 24, kule juu unatoa 35. Unabaki na nyuzi 11 chini ya sifuri, na upepo bado hatujauhesabu. Na safari ya kilele inaanza usiku wa manane, saa sita hivi, ili mfike juu kunakucha. Yaani ni saa sita au saba gizani, mkienda mwendo wa kinyonga, mwendo usioleta joto mwilini.

Sasa kila mtu akisikia hivyo anakimbilia koti. Mdogo wetu katika kundi alishaona moja jekundu pale mitumba ya Karume, zito kama godoro.

"Dada, hili ni la Ulaya kabisa, ukivaa hili hata kwenye friji unalala."
"Kaka, likilowa je?"
"Likilowa unalianika, dada yangu."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini jibu lake ndilo lenye somo. Mlimani huna pa kuanika. Kinachoua kwa baridi ni unyevu kwanza. Unatoka jasho kwenye msitu wa chini, fulana ya pamba inalishika jasho lile, jioni unafika kambini umevaa kitambaa kibichi. Wauguzi tunalijua hili kutoka wodi ya wazazi: mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza ni kumkausha, ndipo unamfunika. Ukimfunika akiwa amelowa umefanya kazi bure.

Kwa hiyo tulianza na kinachogusa ngozi. Fulana mbili za mikono mirefu na suruali mbili za ndani, za poliesta, si pamba. Hizi zipo tele kwenye mitumba ya nguo za michezo, na ni za bei ya chini kwa sababu hakuna anayezigombea. Shika lebo, soma. Ikiandikwa "cotton", rudisha hata kama ni nzuri. Juu yake sweta la manyoya laini, juu yake koti la kukinga upepo na mvua. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, kwa hiyo koti la mvua si la kubahatisha. Limwagie maji nyumbani kabla hujaliamini.

Viatu ndivyo tulivyonunua vipya. Nendeni dukani jioni, baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba, na vaeni soksi nzito zile zile mtakazopandia. Kidole kikubwa kisiguse mbele hata ukisimama kwenye mteremko. Tulivivaa Kisarawe wiki nane mfululizo, na pale ndipo vilima vyetu vidogo vilipotusaidia: kushuka ndiko kunakoua kucha, si kupanda. Kateni kucha kabla ya safari.

Koti zito la usiku wa kilele, begi la kulalia, glavu kubwa na fimbo za kutembelea, hivyo tunakodi Moshi. Maduka ya kukodisha yapo mengi. Ukinunua, utakitumia usiku mmoja, halafu kitakaa kabatini Kibaha kikiota ukungu. Ila fika siku moja kabla, ujaribu zipu zote na uingie kwenye begi la kulalia mzima mzima.

Vitu vidogo msidharau. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua, hata sisi weusi, jua la juu linaunguza. Chupa ya maji yenye mdomo mpana, maana mrija huganda; usiku ule iwekeni kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Simu ikae mfuko wa ndani, baridi inakula chaji.

Haya, tukapiga hesabu ya mwisho. Pesa ilitosha kitu kimoja kati ya viwili: kila mtu awe na koti lake jipya, au tuongeze siku ya sita ili tulale Horombo mara mbili. Horombo ni mita 3,720. Siku ile ya ziada unapanda hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, unarudi kulala chini, mwili unazoea. Tulibishana wiki nzima. Mimi nilisimama upande wa siku ya sita, na sababu ni moja. Baridi ina koti. Hewa nyepesi haina koti. Kileleni kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayovuta hapa Kibaha, na hakuna duka linalouza dawa ya haraka kuliko muda. Kura zikaja tatu kwa moja. Tunakodi makoti.

Halafu kikaja kitu ambacho hatukukipanga. Niliwaomba wote wapime selimundu, si ugonjwa tu, hata kama umebeba kinasaba kimoja. Mwenzetu, mwenye mapafu kuliko sisi wote kule Kisarawe, majibu yakatoka amebeba. Maisha yake yote hajaugua. Wapo wenye hali hiyo wanaopanda na kushuka salama, lakini hewa ikipungua sana bandama linaweza kupata shida kubwa, na kutoka kule juu hadi hospitali ni mbali. Alikaa na daktari, wakaongea. Akaamua mwenyewe kuishia Marangu. Atakaa chini na simu, ndiye mtu wetu wa dharura. Kiatu chake alikuwa ameshakilainisha. Sikuwa na la kumwambia, nikamshika bega tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya koti, pima. Kama una presha, pumu, kisukari au mimba, ongea na daktari wako kwanza. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima ipo, lakini inaandikwa na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Mkiwa juu, kichwa kikiuma na kichefuchefu, usipande zaidi. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

La mwisho. Mzigo wako unabebwa na mtu. Kikomo cha mpagazi ni kilo 20, na ana vitu vyake pia. Baridi ile ile inampiga na yeye. Tumekubaliana sweta na soksi zetu za ziada tuwaachie tukishuka.

Sehemu ya 5 nitaleta orodha ya sanduku letu la dawa. Mliowahi kupanda, hasa mliotokea Pwani, andikeni hapo chini: mlibeba nini ambacho hamkukigusa kabisa? Bado tuna wiki tatu za kupunguza.