Kazi Yetu ya Kutengeneza Nyumba



Wengi wananiuliza: wewe kapita, ukimaliza darasa la sita utafanya nini? Nataka kufungua kazi ya kutengeneza nyumba za watu hapa Kabalo: paa linalovuja, mlango uliooza, ukuta uliopasuka. Kazi haitakosa. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi, na mvua za huku hazina mchezo.

Likizo iliyopita tulijaribu, vijana watatu. Mama mmoja mjane wa kanisa letu alikuwa na ufa mrefu, toka dirishani mpaka chini. Alitulipa franka 20 000, feza ya kuuza mihogo. Tukanunua simenti kidogo, tukaziba, tukapaka chokaa. Ukuta ukang'aa! Feza iliyobaki tukagawana siku ile ile.

Methali inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba na bado tukajenga! Mvua ya tatu, ukuta ulianguka usiku, karibu na kitanda cha mjukuu. Mtoto hakuumia, Mungu asifiwe. Yule mama hakututukana. Alisema tu: "Wanangu, feza yangu imekwisha, na nyumba iko wazi." Neno hilo lilinichoma kuliko fimbo.

Mwashi mmoja mzee ndiye alitufungua macho. Akasema: "Ukuta hauna ugonjwa, miguu yake ndiyo inagonjwa." Maji ya paa yalikuwa yanaanguka kwenye msingi, matofali ya chini yanakunywa maji kila siku. Na simenti haishikani vizuri na udongo. Inafunika unyevu ndani, kisha inabanduka. Akatutuma kuangalia nyumba za zamani za reli: sakafu iko juu, chini ni matofali ya kuchoma, na maji yana njia yao.

Mwenzetu mmoja alikataa kurudi. Sisi wawili tulifanya siku sita bila malipo: tukaweka mawe chini, tukajenga upya, tukapiga udongo na mchanga, tukarefusha paa, tukachimba mtaro.

Sasa mpango wetu uko katika daftari. Kwanza, tutafuta maji yanatoka wapi, ndipo tutaje bei. Pili, feza ya mwenye nyumba itakaa mbali na mfuko wetu mpaka kazi iishe. Tatu, katika kila franka kumi, moja itabaki ya kurudia kazi ikiharibika.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza, ahesabu gharama. Sisi tulihesabu simenti, hatukuhesabu mvua.

Yule mama hajatuita tena. Lakini kila mvua ikinyesha, asubuhi tunapita pale kuangalia ukuta. Mpaka leo umesimama.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita