Nguzo za Kirumi, Maji ya Dumu

Ukikatiza Shangani, Mtwara, utadhani Warumi wamehamia Kusini. Kila kibosile anayejenga anataka nguzo nene za duara barazani, tao mlangoni, na bafuni lile sinki la kulala ambalo wenyewe wanaliita jakuzi. Poa tu, ila Warumi hawakuanzia hapo.

Bafu la Caracalla, lililofunguliwa Roma mwaka 216, lilikuwa la watu wote, na kumbi zake bado zinaigwa. Stesheni ya Pennsylvania ya New York, iliyofunguliwa 1910, ilinakili humo ukumbi wake wa kusubiria treni. (Wakaanza kuibomoa 1963, Wamarekani nao!) Chini ya sakafu ulipita moshi wa moto, juu watu wanatoka jasho na kupiga soga. Waarabu walipoichukua Sham wakakuta mabafu ya namna hiyo, wakayaendeleza yakawa hamamu, mpaka yakatufikia.

Nenda Hamamni, Unguja, ujionee. Aliyeyajenga ni Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na hakujijengea peke yake, ukilipa, unaingia. Yalifanya kazi hadi 1920. Sasa sikiliza, msomaji: Barghash huyohuyo ndiye aliyeuletea mji maji ya mfereji. Roma nako, Caracalla alivutiwa mfereji wake kutoka mbali. Maji kwanza, mbwembwe baadaye.

Sisi tumebeba mbwembwe. Mjomba wangu anamalizia nyumba, na pesa ya korosho iliyobaki inatosha kitu kimoja: tangi la kuvunia mvua au jakuzi. Kachagua jakuzi! Dude hilo linameza madumu saba ya lita ishirini, na bomba letu likiamua kutoa hewa, linatoa hewa wiki nzima. Atakayebeba si yeye. Ni binamu yangu wa kike, kidato cha pili, ambaye hata sasa anafika darasani kichwa kimelowa maji ya ndoo. Pale Kilwa, Husuni Kubwa ya karne ya 14 ina birika la kuogea la pembe nane, zuri ajabu. Sultani aliogelea, lakini sidhani kama aliyateka.

Nimemwomba fundi asipime kitu kwanza. Mjomba kanuna, eti vijana wa mjini tunasoma mno. Mkewe hakusema neno, ila jana sahani yangu ilikuwa na vipande viwili vya changu.