Darubini na Kalamu Nyekundu

Katika mwaka wangu wa tatu wa ualimu mjini Voi, kusahihisha insha kulikuwa sawa na kutwanga maji kinuni: methali zile zile, mianzo ile ile. Nikanunua darubini kuukuu. Kila Jumamosi nilipanda matatu hadi Wundanyi, kisha nikatembea hadi msitu wa Ngangao kumtafuta apalisi wa Taita, ndege apatikanaye katika vilima hivi pekee duniani. Juma la saba alijitokeza, mfupi kuliko kalamu yangu nyekundu. Nilijaribu kumweleza daftarini. Maneno yaliyonijia yalikuwa yale yale ya wanafunzi wangu. Uchovu haukuniisha, na hatimaye niliomba nafasi ya uzamili. Lakini Jumatatu ile nilisahihisha kwa haya kidogo.