Hofu Yenye Mlango wa Kutokea

Maboga yakianza kupangwa barazani hapa Ohio kila Oktoba, mimi hukumbuka harufu ya plastiki. Ni ya zile barakoa za kampuni ya Ben Cooper, nyepesi, zilizoshikwa na mpira mwembamba uliobanwa kwa stepla pande zote mbili. Ukiivaa, pumzi inakurudia usoni na kugeuka maji, na matundu ya macho hayakai kamwe mahali macho yalipo. Watoto wa mtaani tulizitamani mwaka mzima.

Tulihamia huku kutoka Chake Chake, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kubisha hodi nyumba za watu usiku wa Halloween na kupewa peremende hakukuwa kugeni kwangu. Siku ya Idi, nasi tulizunguka nyumba hadi nyumba na nguo mpya tukidai sikukuu yetu. Kigeni kilikuwa kulipa kiingilio ili utishwe.

Enzi hizo wanachama wa shirika la Jaycees walifungua nyumba za vitisho katika miji mingi ya Marekani, kuchangisha fedha kwa ajili ya jamii. Jengo tupu, mapazia meusi, rangi nyekundu, na watu wa kujitolea. Mama alitusomea Ayatul Kursi kabla hatujatoka, akatushika mikono yeye mwenyewe. Mle gizani sauti ilituamuru tutie vidole kwenye bakuli la macho ya maiti: zabibu zilizomenywa. Bakuli la pili lilikuwa la matumbo, yaani tambi baridi zilizopakwa mafuta. Nilijua kabisa kuwa ni tambi, na bado nikapiga ukunga. Mchawi aliyeturukia kwenye kona alikuwa mama aliyetupakulia chakula shuleni. Alipoona mdogo wangu analia, alivua kofia, akachuchumaa na kumwonyesha uso wake.

Nimewahi kuipanda Haunted Mansion ya Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1969, na ninaiheshimu sana kazi ile. Mizuka inayocheza dansi ukumbini imetokana na ufundi ulioonyeshwa London mwaka 1862 na John Henry Pepper: kioo kikubwa kisichoonekana, na umbo lililofichwa pembeni likimulikwa taa, hata kivuli chake king'avu kikaelea mbele yako. Lakini mzuka wa kioo haujui kama mtoto analia. Bibi yangu, msimulizi wetu kule Pemba, alijua. Aliponguruma kama zimwi na kutuona tumejikunyata, alituvutia kwenye kanga yake, kisha akaendelea na hadithi.

Mwaka 1984 nyumba ya vitisho ya Haunted Castle, katika bustani ya Six Flags huko New Jersey, iliteketea, na vijana 8 wakafa. Haikuwa na mitambo ya kunyunyizia maji. Sheria zilikazwa baada ya hapo, na ilikuwa haki zikazwe. Burudani hii yote inasimama juu ya ahadi moja: kwamba mlango wa kutokea upo, na utaufikia.

Nyumbani hofu haikuwa na mlango huo. Mwaka 1995, habari za mzuka aitwaye Popobawa zilipoenea Pemba na kuvuka hadi Unguja, jamaa zangu hawakuwa wakicheza. Watu walitoa mikeka nje, wakawasha moto, majirani wakalala pamoja hadi alfajiri. Simu zilipotufikia huku, nilishindwa kuwaeleza wenzangu kazini, maana kwao mzuka ni wa Oktoba na ukitoka nje umekwisha. Sithubutu kusema hofu ya huku ni bora kuliko ya kule. Ninachothamini kwa zote mbili ni kwamba hukuachwa uogope peke yako.

Ndiyo maana nyumba za vitisho za siku hizi, zenye tiketi za bei kubwa na hati ya kutia saini kwamba umekubali kuguswa na watu usiowajua, hazinivuti. Binti yangu anazipenda, na simzuii. Lakini mwaka huu nimeomba gereji ya jirani yetu mzee, ambaye bado ana mapazia yake meusi ya zamani. Yeye atashika mlango. Zabibu nitamenya mimi, na kama zimwi nitanguruma kwa Kiswahili. Watoto wa mtaa wataelewa tu.